Tamko kwa Umma Kuhusu Utambuzi wa Ugonjwa wa Uchovu Sugu



Leo, Mei 12, ni siku ya kimataifa ya ugonjwa wa uchovu sugu, ujulikanao kwa kifupi kama ME/CFS. Sisi wagonjwa, pamoja na ndugu wanaotuuguza, tunatamka bayana: ugonjwa huu upo na unatambulika. Shirika la Afya Duniani limeuorodhesha miongoni mwa magonjwa ya mfumo wa fahamu tangu mwaka 1969.

Hata hivyo, wengi wetu tunazungushwa. Tunapimwa malaria, taifodi, sukari, upungufu wa damu, VVU na tezi ya shingo. Majibu yakitoka safi, tunaambiwa tuna mawazo au ni wavivu. Vipimo hivyo ni vya lazima, kwani maradhi hayo nayo huchosha na yana tiba. Lakini uchovu sugu wenyewe hauna kipimo cha maabara cha kuuthibitisha. Hutambuliwa kwa dalili.

Dalili hizo ziliainishwa mwaka 2015 na Taasisi ya Tiba ya Marekani: uchovu mzito usioondoka kwa mapumziko, uliopunguza sana shughuli za mtu kwa miezi 6 au zaidi, hali kuwa mbaya baada ya kujishughulisha, na kuamka bila nafuu hata baada ya kulala usiku kucha. Pamoja na hizo, mgonjwa awe na ugumu wa kufikiri na kukumbuka, au dalili zinazozidi anaposimama.

Kwa hiyo tunatoa wito:

1. Daktari amuulize mgonjwa: "Ukifua nguo leo, kesho na keshokutwa unakuwaje?" Wengi wetu huzidiwa siku inayofuata.

2. Mgonjwa apimwe presha na mapigo ya moyo akiwa amelala, kisha akiwa amesimama kwa dakika 10.

3. Asishurutishwe kuongeza mazoezi kila wiki. Mwongozo wa tiba wa Uingereza wa mwaka 2021 umekataza mazoezi ya namna hiyo.

4. Waliobaki na uchovu baada ya kuugua UVIKO-19 wachunguzwe kwa vigezo hivihivi.

5. Wizara ya Afya ihakikishe ugonjwa huu unafundishwa katika vyuo vya udaktari na uuguzi.

Kwa waajiri, walimu na familia: msimpime mgonjwa kwa sura. Mpeni nafasi ya kupumzika kabla hajaanguka, na msimwache aende hospitali peke yake.

Imetolewa na Kamati Tendaji ya chama chetu cha wagonjwa, kwa niaba ya wanachama wote.