Ushindi Kumi na Nne, Pointi Sifuri



Kazi za dunia ni za namna mbili. Iko kazi ambayo malipo yake yanaonekana mbele ya macho, na iko kazi ambayo mtu huifanya akijua kabisa kwamba hakuna atakayemwandikia hata alama moja. Askari aliye lindoni usiku wa manane, mvua inanyesha na mkubwa wake amelala, anaijua kazi hiyo ya pili. Mama anayeamka kabla ya jogoo kuwatayarishia watoto uji anaijua pia. Juma hili napenda tuitazame kazi ya namna hiyo katika uwanja wa michezo, kwa kuisimulia timu ya Australia iitwayo Melbourne Storm, ambayo mwaka 2010 ilicheza sehemu kubwa ya msimu huku imekatazwa kupata pointi hata moja.

Mchezo wenyewe ni raga. Wengi wetu twaijua ile raga ya wachezaji 15 kila upande, inayochezwa Nairobi na Kampala. Hii ninayoizungumzia ni ndugu yake, nayo huchezwa na watu 13. Ndugu hawa waligawana nyumba tarehe 29 Agosti 1895, katika hoteli moja ya mji wa Huddersfield, kaskazini mwa Uingereza. Klabu za huko zilikuwa na wachezaji wengi ambao walikuwa wachimba makaa ya mawe na wafanyakazi wa viwandani. Mtu aliyeacha kazi siku ya Jumamosi ili akacheze alikatwa ujira wake, na klabu zilitaka kumfidia. Wakuu wa mchezo wakakataa katakata. Klabu za kaskazini zikajitenga, zikaanzisha chama chao, na baadaye zikapunguza wachezaji na kubadili sheria. Hivyo tangu kuzaliwa kwake, mchezo huu umefungamana na swali la fedha: nani alipwe, na kwa haki gani.

Katika raga hii timu iliyo na mpira yaweza kukamatwa na kuangushwa mara sita tu, kisha mpira huwaendea wapinzani. Trai ni alama 4, na mkwaju unaopita kati ya milingoti baada ya trai huongeza alama 2. Mchezo ni wa dakika 80, na anayeucheza hurudi nyumbani na michubuko. Mshindi hupata pointi mbili katika msimamo wa ligi. Mwisho wa msimu timu nane za juu huendelea na mashindano ya mtoano, hata zibaki mbili za kupigania ubingwa.

Mwaka 2010 ligi ya taifa ya Australia ilikuwa na timu 16, moja kati yake ikiwa ya New Zealand. Ligi hiyo ina sheria ya kikomo cha mishahara. Kila klabu hupangiwa jumla ya fedha isiyoruhusiwa kuzidi katika kuwalipa wachezaji wake wakubwa, na mwaka ule jumla hiyo ilikuwa dola milioni 4.1 za Australia. Maana ya sheria hii haihitaji mwalimu wa hesabu. Kama klabu tajiri ingeachiwa inunue kila mchezaji hodari, klabu maskini zingebaki kuwa za kupigwa tu, na watu wangechoka kutazama. Kikomo kinafanya kazi ya kibaba sokoni: kila mtu apimiwe kwa chombo kimoja.

Melbourne Storm ilikuwa timu ya kuogopwa. Iliingia katika ligi mwaka 1998, ikatwaa ubingwa mwaka uliofuata. Chini ya kocha Craig Bellamy ilicheza fainali nne mfululizo, tangu 2006 hadi 2009. Mwaka 2007 iliishinda Manly kwa 34 kwa 8, na mwaka 2009 iliishinda Parramatta kwa 23 kwa 16. Nahodha wake alikuwa Cameron Smith, na pamoja naye walikuwapo Billy Slater, Cooper Cronk na Greg Inglis, majina ambayo watoto wa Australia huyataja kama watoto wetu watajavyo majina ya wachezaji wa kandanda.

Tarehe 22 Aprili 2010, siku ya Alhamisi, wakuu wa ligi walitangaza walichokigundua. Viongozi wa klabu walikuwa na mikataba ya aina mbili. Mmoja ulipelekwa kwa wakaguzi wa ligi, nao ulikuwa safi. Mwingine ulifichwa, na humo ndimo zilimokuwa ahadi za fedha za ziada kwa wachezaji. Siku ile ilisemwa kwamba kikomo kilikuwa kimevukwa kwa dola milioni 1.7 katika muda wa miaka mitano. Uchunguzi uliomalizika mwezi Julai ukaonyesha kwamba fedha hizo zilizidi dola milioni 3.

Adhabu ilikuwa nzito. Ubingwa wa 2007 na wa 2009 ukafutwa. Ikafutwa pia heshima ya kuongoza msimamo wa ligi katika miaka ya 2006, 2007 na 2008. Klabu ikatozwa faini ya dola 500,000 na kurudisha zaidi ya dola milioni moja za zawadi, ili zigawiwe klabu nyingine 15. Pointi nane ambazo timu ilikwisha kuzipata mwaka ule zikaondolewa. Kisha ikaja amri kali kuliko zote: timu itaendelea kucheza michezo yake yote iliyobaki, lakini haitapewa pointi yoyote, hata ishinde namna gani. Wapinzani wake watakaoishinda watapewa zao kama kawaida.

Hebu fikirini hali ya wachezaji. Ulikuwa mwezi wa Aprili, na msimu ulikuwa unamalizika Septemba. Mbele yao kulikuwa na miezi zaidi ya minne ya mazoezi ya alfajiri, ya magoti yaliyovimba na safari za mbali, na mwisho wa yote hayo ilikuwa nafasi ya 16 kati ya timu 16. Nafasi hiyo walikwisha kupewa kabla ya kuicheza.

Siku tatu tu baada ya tangazo, yaani Jumapili tarehe 25 Aprili, walipaswa kuingia uwanjani. Askari wanaosoma ukurasa huu wapaswa kuijua tarehe hiyo. Ndiyo siku ambayo Australia na New Zealand huwakumbuka wanajeshi wao. Mwaka 1915, siku kama hiyo, majeshi ya nchi hizo mbili yaliteremka pwani ya Gallipoli, Uturuki, na maelfu ya vijana hawakurudi tena kwao. Kila mwaka watu hukusanyika alfajiri, tarumbeta hupigwa, na kimya hutawala. Siku hiyo Melbourne Storm ilicheza na Warriors ya New Zealand mjini Melbourne, mbele ya watu zaidi ya 20,000. Storm ilishinda kwa 40 kwa 6. Katika msimamo wa ligi ikaandikiwa sifuri.

Wiki hazikuwa zote tamu. Walishinda, wakashindwa, wakashinda tena. Msimu ulipokwisha walikuwa wamecheza michezo 24, wameshinda 14 na kushindwa 10. Ushindi 14 ungewatosha kabisa kuingia kati ya timu nane za mtoano. Lakini daftari la ligi liliwaweka mkiani, pointi sifuri.

Sasa tuje kwenye kiini cha maneno yangu. Yawezekana msomaji akauliza: walikuwa wakijisumbua kwa nini? Si wangejikokota tu hadi Septemba, wakala mshahara wao na kulinda magoti yao? Jibu liko katika ile amri yenyewe. Pointi za Storm hazikuhesabiwa, lakini za wapinzani wake zilihesabiwa. Kama wangelegea, kila timu iliyokutana nao baadaye ingeokota pointi mbili njiani, na zile zilizokwisha kupambana nao kwa jasho zingekuwa zimedhulumiwa. Warriors waliofungwa 40 siku ile ya kumbukumbu wangekuwa na haki ya kulalamika. Kwa hiyo wale waliokuwa hawana chochote cha kupata walikuwa wameshika mikononi mwao haki ya timu nyingine 15. Wangeweza kuuharibu msimu mzima kwa uvivu tu, na hakuna sheria ambayo ingewanasa. Hawakufanya hivyo.

Ndiyo hali ya mlinzi wa ghala asiyepandishwa cheo. Uchungu wake ni wake, lakini ghala ni la watu wote.

Wako watakaosema kwamba adhabu ilikuwa ya dhuluma, maana waliotunga mikataba ya siri walikuwa viongozi, na walioumia ni vijana uwanjani. Neno hilo lina uzito, nami sitalidharau. Hata hivyo wachezaji wengine nao tuwakumbuke. Parramatta walipofungwa katika fainali ya 2009, walikuwa hawajatwaa ubingwa tangu 1986. Walishindwa kwa alama saba tu, na timu iliyokuwa imevuka kikomo. Ubingwa ule ulipofutwa hawakupewa wao, wala Manly hawakupewa ule wa 2007. Katika orodha ya mabingwa miaka hiyo miwili imeachwa bila jina. Kijana wa Parramatta aliyelia uwanjani usiku ule hakuweza kurudishiwa siku yake. Fedha iliyoibwa yaweza kulipwa. Siku ya mtu ikiibwa, hailipiki. Ndiyo maana daftari la siri ni kosa kubwa kuliko linavyoonekana pale linapoandikwa kwa kalamu, mezani, bila kelele.

Ubingwa wa 2010 ulikwenda wapi? Fainali ilichezwa Sydney tarehe 3 Oktoba, mbele ya watu zaidi ya 80,000, kati ya St George Illawarra Dragons na Sydney Roosters. Roosters walikuwa wa mwisho kabisa katika ligi ya 2009, na sasa walikuwa fainali. Wakati wa mapumziko waliongoza kwa 8 kwa 6. Kipindi cha pili, mvua ikinyesha, Dragons waliongeza alama 26 bila kujibiwa, wakamaliza kwa 32 kwa 8. Klabu ya zamani ya St George ilikuwa imesubiri tangu 1979. Na ilipoungana na Illawarra, katika msimu wao wa kwanza wa pamoja, 1999, walifungwa fainalini na hao hao Melbourne Storm kwa 20 kwa 18. Kocha wa Dragons alikuwa Wayne Bennett, mtu mkimya ambaye kabla ya kuwa mashuhuri aliwahi kuwa askari polisi katika jimbo la Queensland. Ndugu zetu wa polisi hawatashangaa kusikia kwamba timu zake zilisifiwa kwa nidhamu ya ulinzi.

Na Melbourne Storm? Ili kurudi chini ya kikomo ililazimika kuwaacha baadhi ya wachezaji wake. Greg Inglis alikwenda South Sydney, na wengine wakatawanyika hadi Uingereza. Lakini Bellamy alibaki, na Smith, Slater na Cronk wakabaki. Tarehe 30 Septemba 2012, miaka miwili tu baada ya msimu ule wa sifuri, waliishinda Canterbury kwa 14 kwa 4 wakawa mabingwa. Canterbury nao walikuwa wamewahi kuonja dawa hiyo hiyo: mwaka 2002 walinyang'anywa pointi 37 kwa kuvuka kikomo, na mwaka 2004 wakatwaa ubingwa. Ubingwa wa Storm wa 2012 haukufutwa na mtu. Nadhani mbegu yake ilipandwa katika michezo ile isiyohesabiwa ya 2010, kwa kuwa timu iliyozoea kujikokota haizinduki kwa siku moja.

Basi ndugu zangu, habari hii ya mbali ina mahali pake katika nyumba zetu. Nyumba nyingi huvunjika kwa daftari mbili. Baba ana hesabu anayomwonyesha mama, na ana nyingine mfukoni. Mweka hazina wa chama cha akiba ana risiti za mkutano, na ana nyingine za kabatini. Siku ya kufunuliwa, watoto ambao hawakuandika hata mstari mmoja ndio wanaoondolewa shuleni. Njia ya mwongo ni fupi, na aghalabu aliye nyuma yake ndiye anayefika ukutani.

Na kwa wale ambao ukuta umekwisha kuwaangukia bila kosa lao, nasema hivi. Huenda mwaka huu hamtaandikiwa kitu. Huenda cheo kimepita mlangoni pa jirani, na barua ya sifa imeandikwa kwa jina jingine. Kazeni viatu. Lindo lenu linalinda watu wasiojua hata majina yenu, nao wamelala usingizi.

Hadi juma lijalo, nawatakieni amani nyumbani na kambini.