Biti, Baudi na Baiti: Istilahi Isiyo na Hesabu Haifundishi

Katika shule nyingi za sekondari somo la kompyuta hufundishwa kwa orodha ya maneno. Mwanafunzi huandikishwa kwamba modemu ni chombo cha kuunganisha kompyuta na mtandao, huikariri sentensi hiyo, na siku ya mtihani huipatia alama. Lakini mwanafunzi huyo huyo akiulizwa kwa nini chombo hicho kilihitajika, au kwa nini faili la megabaiti 60 halipatikani kwa sekunde saba na nusu katika mtandao wa megabiti 8 kwa sekunde, hukosa la kusema. Amepewa jina, hakupewa kipimo.

Istilahi za mawasiliano ya data hazina budi kufundishwa pamoja na hesabu zake. Tena yafaa kuanza na modemu ya simu, ijapokuwa chombo hicho kimekwisha kuondoka katika nyumba na ofisi nyingi, kwa kuwa ndani yake kila neno lina kazi inayoonekana.

Kazi ya modemu

Kompyuta hutunza habari kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1. Tarakimu moja ya namna hiyo huitwa biti, neno lililobuniwa na John Tukey na kutumiwa na Claude Shannon katika makala yake mashuhuri ya mwaka 1948. Biti 8 hufanya baiti moja, kiasi kinachotosha kuwakilisha herufi moja ya Kiswahili. Waya wa simu, kwa upande wake, uliwekwa kwa ajili ya sauti ya binadamu. Mfumo wa simu ulipitisha milio yenye mitetemo kati ya 300 na 3400 hivi kwa sekunde, yaani hezi 300 hadi 3400, na kuizuia mingine. Volti ya kompyuta, inayoruka ghafla na kisha kutulia, haikuweza kupita salama katika njia hiyo. Basi kilihitajika chombo cha kugeuza biti kuwa mlio upande mmoja, na kuurudisha mlio kuwa biti upande wa pili. Kazi ya kwanza huitwa modulesheni na ya pili demodulesheni. Jina modemu limeundwa kwa vipande vya maneno hayo mawili.

Mfano mzuri ni modemu ya Bell 103, iliyotolewa na kampuni ya AT&T ya Marekani mwaka 1962. Upande uliopiga simu ulituma 1 kwa mlio wa hezi 1270 na 0 kwa mlio wa hezi 1070. Upande uliopokea ulijibu kwa hezi 2225 na 2025. Kwa kuwa jozi hizo mbili zilitofautiana, pande zote mbili ziliweza kusema kwa wakati mmoja juu ya waya ule ule. Hapo ndipo mwanafunzi anapoelewa aina tatu za njia: ya upande mmoja tu, kama matangazo ya redio, ya kupokezana zamu, kama simu ya upepo ya askari, na ya pande mbili kwa pamoja, kama simu ya kawaida.

Safari na magunia

Neno linalopotosha watu zaidi ni baudi, lililotokana na jina la Émile Baudot, mhandisi wa telegrafu wa Ufaransa katika karne ya 19. Baudi huhesabu ni mara ngapi katika sekunde moja ishara huweza kubadili hali yake. Katika Bell 103 kila badiliko lilibeba biti moja, kwa hiyo baudi 300 zilikuwa sawa na biti 300 kwa sekunde, na watu wakazoea kuyatumia maneno hayo mawili kama kwamba ni kitu kimoja. Baadaye mazoea hayo yakawa kosa. Modemu za kiwango cha V.22bis, cha mwaka 1984, zilibadili ishara mara 600 tu kwa sekunde, lakini kila badiliko liliweza kuchukua hali mojawapo kati ya 16. Hali 16 hutosha kubeba biti 4, na 600 mara 4 ni 2400. Ni kama mkokoteni uendao sokoni mara 600 ukiwa na magunia manne kila safari: asemaye "baudi 2400" amehesabu magunia akayaita safari.

Kwa nini basi hali zisiongezwe pasipo kikomo? Shannon alilijibu swali hilo mwaka 1948. Kila njia ina upana wake wa mitetemo na kelele zake, na hali zikisongamana mno, kelele huifanya moja ionekane kuwa nyingine. Waya wenye upana wa hezi 3100, ambamo nguvu ya ishara ni mara 1000 ya nguvu ya kelele, hauwezi kupitisha bila makosa zaidi ya biti 31,000 hivi kwa sekunde. Modemu za V.34 zilifikia 33,600 mwaka 1996 katika laini zilizo safi zaidi ya hiyo. Zile za V.90 za mwaka 1998 zilifikia 56,000 upande wa kupokea, kwa sababu kituo cha mtandao kiliunganishwa na simu kwa tarakimu moja kwa moja, na chanzo kimoja cha kelele kikaondolewa.

Kasi na kuchelewa

Neno "kasi" nalo huficha mambo mawili: wingi wa biti kwa sekunde, na muda ambao biti moja huchukua kufika. Setilaiti iliyo kilomita 36,000 juu ya ikweta huilazimisha ishara kwenda kilomita 72,000, kupanda na kushuka, yaani sekunde 0.24, swali na jibu lake huhitaji karibu nusu sekunde, hata njia ikiwa pana kiasi gani. Kabla ya mwaka 2009 sehemu kubwa ya mawasiliano ya intaneti ya Afrika Mashariki ilipita katika njia hiyo. Mwaka huo kebo ya SEACOM ilifika Mombasa na Dar es Salaam. Katika uzi wa kioo nuru husafiri kilomita 200,000 hivi kwa sekunde, kwa hiyo kilomita 5,000 za chini ya bahari huchukua sekunde 0.025 tu.

Pingamizi mbili

Wapo watakaosema kwamba modemu ni mambo ya kale. La hasha. Kila simu ya mkononi inayotumia intaneti ina modemu ndani yake, na mawimbi ya kizazi cha 4 huweza kutumia hali 64, yaani biti 6 kwa kila badiliko. Hesabu ni ile ile ya magunia. Mkokoteni ndio uliobadilika.

Wapo pia watakaosema kwamba shule haina maabara. Somo hili lahitaji filimbi mbili zenye milio tofauti. Mwanafunzi mmoja na atume herufi A, ambayo katika msimbo wa ASCII ni 1000001, na mwenzake aliye nyuma ya darasa aandike anachosikia. Kisha iongezwe biti ya nane ili idadi ya moja iwe shufwa daima. Biti moja ikikosewa, idadi huwa witiri na kosa hufahamika. Mbili zikikosewa, kosa hupita kimya. Darasa litakalogundua hilo lenyewe litakuwa limeelewa kwa nini mitambo hutumia ukaguzi madhubuti zaidi.

Hasara ya kutojua huangukia mfukoni. Mkuu wa shule anayetia sahihi mkataba wa megabiti 8 huku akidhani ni megabaiti 8, amenunua sehemu moja ya nane ya alichokikusudia, na hakuna aliyemdanganya. Lile faili la megabaiti 60 lina megabiti 480. Zikigawanywa kwa 8, ni dakika nzima. Hesabu hiyo ni ya darasa la msingi. Mwalimu na aiweke ubaoni kando ya maana ya neno, siku ile ile neno linapofundishwa.