Mvumo studioni? Usikate waya wa athi

Umerekodi ngoma chumbani, lakini nyuma ya sauti kuna mvumo usioisha. Usikimbilie kununua maiki mpya. Mara nyingi shida huwa ni vifaa kuchomekwa kwenye soketi tofauti, vikaunda mzunguko kupitia waya wa athi, na ile stima ya 50Hz ikasikika kwa spika. Chomeka kila kitu kwenye ekstensheni moja. Chomoa chaja ya laptopu; mvumo ukiisha, umempata mchawi.

Ila ushauri wa mtaani eti ukate athi, achana nao. Mvumo huenda ukaisha, lakini kifaa kikiharibika, stima ya 240V inaweza kupitia kwako. Soketi zikikosa athi, mwambie landilodi alete fundi. Ngoma hurekodiwa upya, uhai hapana.