Aliyemtia Mtoto Mtoni Amvushe

MTU apitaye katika Chuo Kikuu cha Nairobi huikuta sanamu ya Mahatma Gandhi. Wengi huitazama wakadhani ni pambo tu. Hawajui kwamba sanamu hiyo, iliyozinduliwa mwaka wa 1956, inatukumbusha fedha za watu waliojitolea.

Kisa chenyewe ni hiki. Gandhi alipouawa mwaka wa 1948, Wahindi wa Afrika Mashariki waliazimia kuchanga fedha ili wajenge chuo cha kumkumbuka. Wakati huo serikali za kikoloni nazo zilikuwa na mpango wa chuo cha ufundi mjini Nairobi. Wachangaji hao wangeweza kujenga chao kando. Badala yake, mwaka wa 1954 walikubali jitihada zao ziunganishwe na zile za serikali. Chuo kilifungua milango Aprili 1956, na mwaka wa 1970 kikawa Chuo Kikuu cha Nairobi.

Kwa hivyo asije mtu akatuambia kwamba chuo cha umma ni shauri la serikali peke yake. Mkono wa raia umo tangu msingi.

Wala kutoa si kwa majengo tu. Mwaka wa 1960 Wangari Maathai alikuwa miongoni mwa vijana waliopelekwa Marekani kwa mpango ulioasisiwa na Tom Mboya, nao ulisaidiwa na watu binafsi pamoja na wakfu wa jamaa ya Kennedy. Alirudi nyumbani, akapata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka wa 1971, akafundisha humo humo. Mwaka wa 2004 alitunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel. Ni nani awezaye kupima faida ya nauli ile?

Sasa na tujitazame wenyewe. Kila mwaka barua za kuitwa chuoni zikifika vijijini, harambee huandaliwa. Viti hupangwa, mheshimiwa hufika, bahasha husomwa kwa kipaza sauti na picha hupigwa. Fedha hutosha karo ya mwanzo, sanduku na godoro. Mwaka wa pili ukifika, viti vimekwisha kurudishwa na mheshimiwa hapokei simu. Mkopo wa serikali nao humalizwa na chakula na chumba. Mtoto hufunga virago akarudi nyumbani, na kijiji kilichompigia makofi huanza kumsema.

Huko ni kumtia mtoto mtoni na kumwachia katikati ya maji. Afadhali asingeingia.

Hatusemi harambee ziachwe. Tunalosema ni kwamba anayetoa ahesabu miaka yote ya masomo, si siku ya hotuba. Heri kumsomesha mmoja hadi mwisho kuliko kuwaanzisha kumi na kuwatupa. Wasio na uwezo huo waungane, kwani haba na haba hujaza kibaba. Fedha ziwekwe katika mfuko wenye hesabu zinazosomwa hadharani kila mwaka, na anayesaidiwa achaguliwe kwa dhiki yake na bidii yake, si kwa jina la ukoo wala kwa kura ya babake.

Matajiri nao wakumbuke kuwa vitabu vya maktaba na vifaa vya maabara haviandikwi jina mlangoni, lakini ndivyo vinavyofundisha. Tena mwenye kutoa asidai kumchagulia mwalimu la kufundisha. Na serikali isije ikajificha nyuma ya wafadhili ikapunguza fungu lake. Msaada wa jirani haumwondolei baba wajibu wake.

La mwisho twawaambia ninyi mliokwisha kufuzu. Wengi wenu mlisomeshwa kwa ng'ombe wa mjomba, kwa sadaka ya kanisa au msikiti, kwa kodi ya mkulima msiyemjua. Leo mna kazi na magari. Katika darasa mlilokaa ninyi, yuko kijana anayewaza kama muhula ujao atakuwapo. Wahenga walinena, kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Mtafuteni kijana huyo kabla hajafunga virago.