Vitenge vimejaa Kasulu na Kibondo, wabunifu hawatoshi

FEDHA za maharage zikishaingia mkononi baada ya mavuno, harusi huanza katika nyanda za juu za Kigoma na maduka ya vitenge hujaa. Tatizo ni kwamba maduka ya Kasulu na Kibondo yana vitenge vile vile. Mzigo ukipanda kutoka Kigoma mjini hufunguliwa kwa wauzaji wengi kwa wakati mmoja, na anayeshusha bei leo humlazimisha jirani ashushe kesho.

Mwenye ahueni ni fundi mbunifu, yule anayechora mtindo wake, akaukata na kuuning'iniza mlangoni kwa jina lake. Mteja hawezi kuvuka barabara akaupata kwa bei pungufu.

Duka la namna hiyo lina jambo linalowaudhi wenye mitaji: hujaa watu wasionunua. Kwenye benchi yupo mchoraji wa mabango, mpiga picha za harusi, msusi, na mwanakwaya anayemsubiri mwenzake. Mkopeshaji akipita huona kijiwe. Hesabu yake ni fupi mno. Mpiga picha ndiye anayejua harusi ya mwezi ujao ni ya nani. Mwanakwaya ndiye atakayeleta oda ya sare. Msusi humwelekeza bibi harusi mahali pa kushona. Tangazo la redio haliwezi kufanya kazi hiyo kwa bei ya birika la chai.

Mfano mkubwa wa biashara hii ulikuwa Nairobi. African Heritage, iliyofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 na Joseph Murumbi, aliyepata kuwa Makamu wa Rais wa Kenya, pamoja na mbunifu Mmarekani Alan Donovan, iliuza vito, nguo na kazi za sanaa, ikaandaa maonyesho ya mavazi na muziki. Ilikuwa hata na bendi yenye jina lake, ambamo alipitia mwanamuziki Ayub Ogada. Hata hivyo biashara hiyo ilifika mwisho mwaka 2003, na hilo lisifichwe: umaarufu haulipi pango.

Kasulu na Kibondo vipimo ni vidogo, na ndiyo nafuu yake. Tangu gridi ya taifa ilipofika mwaka 2022, pasi na ovaloki hazingoji tena umeme wa jenereta. Kinachouma ni pango la fremu, ambalo wenye nyumba hupenda kulipwa la miezi kadhaa mbele. Hapo ndipo mwenye akiba ndogo aingie. Badala ya kuongeza duka jingine la vitenge, amlipie mbunifu pango, au ampe majora kwa mali kauli, na mgawo wa faida uandikwe.

Wapo wanaohofia kuibiwa mitindo. Hofu hiyo ni ya kweli; mshono ulioning'inizwa Jumatatu huonekana mtaa wa pili Ijumaa. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 ipo, lakini nani atampeleka jirani mahakamani kwa ajili ya kola? Mwenye benchi lililojaa huwa na mtindo mwingine kabla ya Ijumaa, maana wanaoketi pale humpa mawazo bure.

Sharti ni daftari. Fedha za duka zitengwe na za nyumbani, na chai ya benchi iandikwe kuwa matumizi. Mbunifu asiyejua chai ya mwezi uliopita ilikula mita ngapi za kitenge asipewe hata jora moja.