Siri Isiyotunza Siri



Katika lugha yetu, siri ni amana: mwenzako amekukabidhi, nawe huna ruhusa ya kuitoa. Mwaka 2011 kampuni ya Apple ilitia katika telefoni zake msaidizi anayejibu kwa sauti, ikamwita Siri. Mwaka 2019 ilijulikana kwamba watu walioajiriwa kupima majibu yake walikuwa wakisikiliza vipande vya mazungumzo ya wenye telefoni, hata habari za ugonjwa na za chumbani. Apple ikaomba radhi. Mwaka 2023 Amazon ilikubali kulipa dola milioni 25, baada ya serikali ya Marekani kuishtaki kwa kuhifadhi sauti za watoto zilizopokewa na msaidizi wake, Alexa.

Mtaniambia: “Mwalimu, hayo ni mambo ya ng’ambo, tena sisi hatuna la kuficha.” Nazikataa hoja zote mbili.

Telefoni nyingi za Android zilizomo humu Bukavu zina msaidizi wa Google. Ukimruhusu aitikie kila anapoitwa, maikrofoni hukaa macho ikingoja jina lake. Naye hukosea: hudhani ameitwa, akarekodi. Sasa zitazameni nyumba zetu za Kadutu, jinsi zilivyobanana. Wewe uliyakubali masharti. Je, mama aliyekuwa akieleza deni lake pembeni mwako aliyakubali? Na jirani anayelia nyuma ya ukuta wa mbao? Katiba yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa faragha yake na siri ya mawasiliano yake. Haikuuliza kama ana la kuficha. Nasi tulioonja vita twajua neno moja linavyoweza kumwangamiza mtu likifika katika sikio lisilo lake.

Sikatai faida: asiyeona na asiyejua kusoma husaidiwa kweli. Lakini mtumishi mwema huitika akiitwa. Hategi sikio mlangoni.

Basi, mnyimeni maikrofoni msaidizi msiyemhitaji. Futeni sauti zilizohifadhiwa katika akaunti zenu. Na mwenzako akija kukufungulia moyo, telefoni ibaki chumba kingine. Telefoni ni yako. Sauti ya mwenzako si yako.