Uvumilivu Tunaowahubiria Wengine



Kuna neno lililozoeleka mno midomoni mwetu tunapowatembelea wanaolea yatima. Twaingia, twakaa, twasali fungu moja la Rozari, twaacha kilo mbili za sukari, na tunapoaga mlangoni twasema: "Bibi, vumilia, Mungu yupo." Nami niandikaye haya nimelisema mara nyingi. Mungu yupo kweli. Swali ambalo Tume yetu ya Haki na Amani inapenda kuliuliza ni hili: sisi tuko wapi?

Mkoa wetu wa Kagera umeubeba msalaba huu muda mrefu. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa hapa mwaka 1983, miaka minne tu baada ya kumalizika kwa vita dhidi ya majeshi ya Idi Amin. Vijana waliokuwa nguzo za nyumba zao walizikwa kando ya migomba waliyoipanda, na wazee waliotazamia kutunzwa wakaanza malezi upya. Dawa za kupunguza makali zilipoanza kutolewa bure mwaka 2004, wengi walikwisha lala makaburini. Leo mgonjwa atumiaye dawa vema aweza kuwalea wanawe hadi wakue, na kwa hilo tunamshukuru Mungu. Hata hivyo yatima hawajaisha. Malaria, uzazi na ajali za pikipiki bado vinawaachia bibi zetu watoto.

Yupo bibi mmoja katika jumuiya yetu, jina lake tunalihifadhi. Binti yake alifariki, kisha mkwewe, wakaacha watoto wanne. Kikao cha ukoo wa mkwewe kilikaa hata kabla majani hayajaota kaburini, kikaamua kwamba watoto waende kwa bibi yao mzaa mama, ila kibanja kibaki kwa ukoo. Tafakarini vizuri uamuzi huo, ndugu zangu: vinywa vinne vikapelekwa upande mmoja, na migomba yenye kuvilisha ikabaki upande mwingine! Baba yao mkubwa, aliyeteuliwa kuwa msimamizi wa mirathi, ndiye avunaye kahawa. Kila Dominika yumo kanisani, benchi la mbele, na michango yake hupokelewa kwa makofi.

Bibi huyo analima vibarua na kusuka mikeka. Ada ya shule ya msingi ilifutwa mwaka 2001, na ile ya sekondari hadi kidato cha nne ikafutwa kuanzia mwaka 2016. Lakini sare, madaftari na sabuni havikufutwa. Nilimwuliza anapata wapi nguvu. Alijibu kwamba kila alfajiri awashapo moto humwambia Mungu: "Hawa ni wako, mimi ni kibarua wako tu." Sijasikia mahubiri yaliyonigusa zaidi ya hayo. Wala sikuthubutu, siku ile, kumwambia avumilie.

Wako watakaosema kwamba mambo ya ukoo ni ya ukoo, na Kanisa lisiyaingilie. La hasha! Kitabu cha Mithali kinakataza waziwazi kuyaingilia mashamba ya yatima, wala hakisemi kwamba baba mkubwa ameruhusiwa. Maaskofu wa Afrika waliokutana katika Sinodi mwaka 1994 walichagua kuliita Kanisa Familia ya Mungu. Ikiwa sisi ni familia, basi watoto wale wanne wana ukoo mwingine, nao ndio uliokaa kimya.

Na sheria ya nchi haiko upande wa mnyang'anyi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumnyima mtoto manufaa ya mali iliyoachwa na mzazi wake. Msimamizi wa mirathi si mrithi. Yampasa kuieleza mahakama ni mali gani iliyoachwa, nayo imegawiwa nani. Ni kweli kwamba Tangazo la Sheria za Mila la mwaka 1963 limewaumiza sana wajane na mabinti, hata mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa ihusikayo na haki za wanawake ikaamua kwamba linawabagua. Lakini mara nyingi yatima hupoteza haki yao kwa sababu nyepesi zaidi: hakuna mtu mzima aliyesimama mbele ya hakimu kusema kwamba wapo.

Tusitegemee wafadhili kutubebea wajibu huu. Mwanzoni mwa mwaka 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, wengi walijifunza kwa uchungu kwamba sahani ya mtoto yaweza kuondolewa kwa sahihi ya mtu asiyemjua. Jirani hana kisingizio hicho.

Tusome tena Injili ya Luka, sura ya 18. Mjane yule tunayemsifu kwa uvumilivu hakukaa nyumbani akilia. Alimwendea hakimu dhalimu, akarudi, akarudi tena, hadi hakimu akachoka naye. Huo ndio uvumilivu ambao Bwana aliutolea mfano wa sala. Tumeugeuzaje ukawa kunyamaza? Twamsihi bibi astahimili, naye baba mkubwa hatumsihi kitu. Je, si rahisi zaidi kumfariji aliyeibiwa kuliko kumkabili aliyeiba, hasa akiwa amechangia mabati?

Tume imekwisha zungumza na baba mkubwa huyo mara mbili, faraghani, kama Injili ituagizavyo. Hakukubali. Kwa hiyo bibi amefungua shauri Mahakama ya Mwanzo, nalo litatajwa Jumanne ijayo. Ni mwendo wa saa tatu kwa miguu, na goti lake la kushoto linamsumbua. Wanahitajika mashahidi wawili walioishuhudia mipaka ya kibanja ikipandwa, mtu wa kubaki na watoto, na mwenye pikipiki. Tafadhali mwoneni katibu wa Tume mlangoni baada ya Misa ya kwanza.